Mafuta ya Breki ya Kupimiwa

Tangu biashara huria ifike hapa Songea, rafu za vipuri zimejaa na uvumilivu wangu umepungua. Juzi, dukani Lizaboni, mbele yangu alisimama jamaa ambaye gari lake hubeba abiria wiki nzima, na Jumapili hushindana mbio. Alitaka mafuta ya breki. Aligeuza kila kopo, akasoma maandishi kwa kidole, huku mimi nikihema nyuma yake.

"Hili linahimili moto kuliko yote," akasema hatimaye. "Kwenye mbio breki zinawaka!"

"Umechagua vizuri, bosi," akajibu muuzaji.

"Basi nipimie chupa moja ya soda."

Muuzaji akainama, akatoa kopo la aina hiyo lililokaa wazi tangu mvua zianze, akapima kama mafuta ya taa. Nikashindwa kunyamaza.

"Jamani, haya yakikaa wazi yananyonya unyevu! Yakipata moto, maji yanachemka, unakanyaga breki inazama tu!"

"Mzee, maji ya wapi? Kopo si ni lile lile nililochagua?"

Akaziba chupa kwa gunzi la mahindi, kisha akaniuliza kwa upole, "Unaelekea Msamala? Twende nikupe lifti."

Mvua ilininyeshea nikitembea kwa miguu hadi Msamala, lakini kila nilipotaka kusimama, nilisimama.