Ubatizo wa Baba

Mdogo wangu aliporudi Unguja kututembelea, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi Nairobi, mama alitambua siku ya kwanza kwamba kuna jambo, kwa sababu alikataa chai. Hakukataa kwa ubaya. Alikisogeza kikombe taratibu akasema, "Mama, siku hizi sinywi chai. Wala kahawa."

Kwetu mtaani Ng'ambo mtu huacha chai kwa amri ya daktari tu. "Una vidonda vya tumbo?" mama alimuuliza.

"Sina. Ni imani yangu. Nimebatizwa huko Nairobi. Nimekuwa Mmormoni."

Mama alikwenda jikoni akamchemshia mchaichai, akauliza kama huo unaruhusiwa. Aliposikia unaruhusiwa ndipo akakaa. "Wewe ulibatizwa ungali mchanga," alisema. "Nilikubeba mwenyewe."

"Najua, mama. Lakini kwetu mtoto mchanga hana dhambi ya kuoshwa. Mtu hubatizwa akishajua anachokifanya."

Mama amelelewa katika kanisa la kale la mjini, kanisa la kupiga magoti na kukiri imani kwa maneno yale yale waliyokiri bibi zake. Hakuwahi kufikiri kwamba maji yaliyomwagwa juu ya kichwa cha mwanawe yangehitaji kurudiwa. Alinitazama mimi tu, kama kwamba nilijua nikamficha. Sikuwa najua.

Jioni alikuja jirani yetu, Mwislamu, shoga yake mama tangu ujana wao. Wawili hawa wana mjadala wao wa miaka. Jirani humuuliza mama, kwa heshima na kwa uchokozi kidogo, inakuwaje Mungu awe mmoja na papo hapo awe Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mama hujibu kwamba ni Mungu mmoja, asili moja, nafsi tatu, na kwamba kama angekuwa rahisi kueleweka asingekuwa Mungu. Jioni ile jirani alimgeukia mdogo wangu.

"Haya mwanangu, nshamsikia mama yako. Nyinyi wa Nairobi mnasemaje?"

"Sisi tunaamini ni watatu mbalimbali, Bi mkubwa. Umoja wao ni wa nia na kazi. Na Baba ana mwili kama alivyo nao Mwana, ila mwili usiokufa."

"Mama yako alikuwa karibu na mie zaidi," alisema jirani, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mdogo wangu naye akacheka. Akaeleza kwamba wanayo Biblia na kitabu kingine kando yake, na kwamba kwao Mungu angali anatuma manabii hata leo. Hapo jirani alijifunika kanga vizuri akasema yeye kwa manabii anajua wa mwisho alikuwa nani, basi tuzungumze mengine. Tukazungumza bei ya samaki sokoni Darajani.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kesho yake, tulipokuwa watatu peke yetu, mdogo wangu alitoa lililomleta.

Baba yetu alikufa bila kubatizwa. Alikuwa seremala, mtu mpole, asiye na dini katika mji ambao kila mtu ana yake. Jumapili alimsindikiza mama hadi mlango wa kanisa, akakaa kwenye kibaraza cha nyumba ya karibu akingoja ibada iishe. Mama alimwomba abatizwe tangu walipooana hadi alipougua, na kila mara alijibu, "Bado, mke wangu." Tulimzika shambani kwa kaka yake, huko nyuma ya Mbweni. Padri alikuja kama rafiki, bila kanzu yake.

"Kwetu," mdogo wangu alisema, "aliyekufa bila ubatizo anaweza kubatizwa na mtu aliye hai kwa niaba yake. Mimi naweza kuingia majini kwa jina la baba. Kisha ndoa yenu ifungwe tena hekaluni, isiwe ya mpaka kifo tu, iwe ya milele. Lakini ruhusa ni yako, wewe mkewe. Bila wewe sifanyi."

Mimi ni mwalimu wa skuli, nimezoea kusoma nyuso, lakini uso wa mama siku ile sikuweza kuusoma. Moyoni nilitaka akubali. Sikuwa naamini sana, ila nilijua amelia kiasi gani kwa ajili ya jambo hili.

"Na yeye huko aliko," mama aliuliza mwishowe, "analazimika kuupokea?"

"Halazimiki. Ana hiari. Anaweza kukataa."

"Nipe muda."

Aliniomba nimpeleke kwa padri. Padri alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alisema mtume mmoja aligusia ubatizo wa namna hiyo katika waraka wake, na wasomi hawajaacha kubishana alikusudia nini, lakini kanisa letu haliufanyi. Ubatizo ni wa walio hai. Wafu tunawaombea na kuwaacha mikononi mwa Mungu. "Na ndoa?" mama aliuliza. Padri akasema ndoa ni ya dunia hii, ila upendo hatukuambiwa kwamba unakoma.

Njiani mama alisema, "Padri wangu ananiambia nimwache baba yako kwa Mungu. Mwanangu wa Nairobi ananiambia kuna kitu cha kufanya. Unajua lipi gumu zaidi?"

Jibu lake alimpa mdogo wangu mbele yangu, huku akichambua mchele. "Baba yako nilimwomba mimi, mkewe, na alisema bado. Sitasema ndiyo mahali pake. Neno lile lilikuwa lake."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Kisha akasema jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. "Mama, mimi sikumzika. Nilifika mshamaliza. Nilitaka nimfanyie kitu kimoja kwa mikono yangu."

Mama aliweka ungo chini. "Ungeanza na hilo," alisema.

Tulikwenda shambani asubuhi iliyofuata tukiwa na jembe na panga. Kaburi lilikuwa limemezwa na majani. Mama hakuniruhusu kugusa chombo, wala yeye mwenyewe hakugusa. Alimwachia mdogo wangu afyeke peke yake, apalilie, apange mawe pembeni, mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha akamwambia aombe, kwa namna yake. Alikunja mikono kifuani akaomba polepole, bila kusoma popote, akimwita Mungu Baba wa Mbinguni. Mama alisubiri amalize, akafanya ishara ya msalaba, akaomba sala ya marehemu anayoijua kwa moyo. Hakuna aliyemsahihisha mwenziwe.

Tangu hapo mdogo wangu ameoa, na mwaka huu amepata binti. Mama alipiga simu akataka kujua mtoto atabatizwa lini.

"Akifika miaka minane, mama. Ila Jumapili tulimbariki kanisani, tukampa jina."

"Miaka minane! Mie nitakuwapo?"

"Mungu akipenda."

Mama akauliza ni nani aliyembeba mtoto alipokuwa akibarikiwa. Mdogo wangu akasema ni yeye mwenyewe, wakiwa wamemzunguka wanaume wengine wa kanisa, na mtoto hakulia hata kidogo.

"Basi hilo la kubarikiwa nimelipokea," alisema mama. "Hayo mengine tutazungumza ukija naye."