Keki ya Darasa la Kwanza

Jirani anayeniuzia maziwa ndiye aliyeniambia kwamba chuo cha wauguzi kinasherehekea kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na kliniki yake haitakuwa na mtu. Nilienda hata hivyo, kwa sababu tarehe ya chanjo ya mtoto ilikuwa imefika.

Tulikuwa akina mama sita. Muuguzi mmoja mzee, amevaa kitenge cha sherehe, alikuwa akifunga mlango.

"Rudini kesho," alisema. "Mimi ni wa darasa la kwanza la chuo hiki. Sisi ndio tunakata keki."

"Sista, nimetoka Soy alfajiri," mama mmoja akamwambia. "Kesho navuna mahindi ya watu. Sitaruhusiwa."

Alishusha pumzi, akafungua mlango, akakunja mikono ya kitenge.

"Tulianza na kitanda kimoja," alisema akiandaa sindano. "Wagonjwa hatukuwa nao. Tulilala hapo kwa zamu, tukadungana."

Simu yake ikalia. "Kateni tu," akajibu.

Nje, kipaza sauti kiliwasifu wauguzi kwa kujitolea. Wote walikuwa kwenye hema la sherehe wakisikiliza, isipokuwa huyu.

Mtoto alipokwisha kuchanjwa, niliona haya kwamba tulimkosesha keki yake, nikaondoka bila kumshukuru. Asubuhi iliyofuata nilimpelekea chai kwenye chupa. Nilisema asante. Akaniuliza kama mtoto ana homa.