Mjomba wa Kinyago

"Sema mashine imekufa," Kasuku alimwambia shemeji yake. "Watu wakirudi nyumbani leo, kesho watakuwa wameshasahau."

Waya, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya mkononi, hata hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika, waya mmoja mdomoni na mwingine umetundikwa sikioni kama ua la bibi harusi. Akajibu kwamba mashine haijawahi kuwa nzima kama leo, na kwamba yeye mwenyewe amebandika tangazo mlangoni: leo alasiri, mwanzo wa Mjomba wa Kinyago.

"Mwanzo upi tena, shemeji? Ule mwanzo niliutunga mimi."

Ugomvi ulikuwa umekwama hapo tangu asubuhi.

Kasuku, mjane wa kaka yake Waya, ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu katika banda lao la video. Kijapani hakijui. Maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha huyashika yale yanayotembea. Yanayokimbia huyaacha yaende zake salama. Lakini sauti anayo. Siku alipotafsiri radi, mtaa mzima ulianua nguo. Siku alipolia kama farasi, punda wa muuza maji alikata kamba akaja kuposa. Asiyeamini akamuulize punda.

Ile katuni ya panga na mazimwi ilifika bandani ikiwa haina kichwa. Diski za mwanzo zilikuwa zimekwaruzika, kwa hiyo wakaanzia katikati, mtoto wa kike akiwa ameshapanda mgongoni mwa mpiga upanga mwenye kinyago chenye ufa jichoni. Mtoto akamwita neno, chini ya picha likapita "anko", na Kasuku akalidaka: mjomba. Watu wakataka kujua wamefikaje pale. Naye angewanyima? Akawaambia mama wa mtoto alifia motoni, mjomba akapasua ndimi za moto kwa kifua, akamtoa mpwa wake, akasema, "Mjomba hakuzaa, lakini hatupi."

Ukweli ni kwamba mpiga upanga alikuwa anakohoa tu.

Neno lile likatoka bandani kwa miguu yake lenyewe. Muuza nyama wa pale kona, mwanamume mwenye mikono kama mapaja ya watu wengine, alikuwa amemkataa mtoto wa marehemu dada yake, na ukoo mzima ulikuwa umemshika miguu bila mafanikio. Siku ile alikuwapo bandani. Kulipokucha akafunga bucha akaenda kumchukua mtoto. Tangu hapo hukaa naye benchi la mbele, mpwa begani, na mtoto akilia usiku humwimbia neno lile lile la kikohozi.

Sasa imekuja filamu inayousimulia upya mwanzo wa mfululizo wote. Kasuku alikuwa ameitazama peke yake, mlango umefungwa. Aliiona nyumba. Alimwona mama ndani yake. Kisha akamwona mwenye kinyago anakuja na mwenge, wala hakuja kuzima. Paa lilipoanguka, mtoto akatoka kwenye moshi, akamtazama muuaji wa mama yake na kumwita anko, kwa kuwa hakumjua. Kasuku aliirudisha picha nyuma mara nyingi, labda mwenge ungegeuka ndoo ya maji. Haukugeuka. Akakaa chini sakafuni.

"Huyo ni mjomba wa barabarani, shemeji," Waya alisema sasa. "Muuza maji naye ananiita mjomba kila siku. Mama yake nimemjulia wapi?"

Siku nyingine Kasuku angecheka mpaka kilemba kianguke. Leo alikuwa akimuwaza muuza nyama. Kisu cha muuza nyama alikuwa amekiona kikikata mfupa, na meza, na kivuli cha meza. Lakini si kisu alichokiogopa zaidi. Alimwogopea yule mtoto, atakayekaa juu ya bega lile akiuona mwenge. Na akimwogopa mjomba wake? Na mjomba naye akiona amepewa mzigo kwa uongo?

Akasema basi atadai huyu ni mtu mwingine. Waya akamkumbusha ufa wa kinyago. Akasema basi atakaa kimya.

"Filamu nzima? Wewe?" Waya aliutoa waya mdomoni ili ashangae vizuri. "Shemeji, mkunga aliyekuzalisha alisema ulianza kubisha ukiwa bado njiani."

Kasuku alijifuta jasho kwa upindo wa kanga. Kwa sauti ndogo, ambayo hajawahi kumtolea mtu yeyote kwenye filamu, akasema atamwendea muuza nyama kabla ya picha kuwaka. Atamwambia kinyago hakikusema neno. "Nitamwambia lile neno ni langu mimi, na yeye ndiye aliyelifanya kuwa kweli…"

Pazia la mlango likafunguliwa. Muuza nyama aliinama asigonge kizingiti, mpwa wake begani. Mtoto alikuwa amevaa kinyago cha boksi, na ufa umechorwa kwa mkaa juu ya jicho.

"Shangazi Kasuku," aliuliza kutoka ndani ya boksi, "leo ndiyo tunaona mjomba ananitoa motoni?"

Muuza nyama alipangusa benchi la mbele kwa mkono wa shati, akaketi, akamtazama Kasuku akisubiri jibu.