Miaka Mitatu kwenye M

Kaka yangu ninayemfuata ana miaka thelathini na minane, ni mchomeleaji wa vyuma, na mtaa mzima unamwita Emu. Nyumbani hakupewa jina hilo. Lilitokana na herufi M iliyochorwa kando ya mkono wa gia wa pikapu yetu, na laiti ningekuwa na uwezo ningeikwangua kwa kisu.

Pikapu yenyewe ni kubwa kupita kiasi. Kaka yetu mkubwa, aliyeko ng'ambo, aliituma miaka mitatu iliyopita, mara tu figo za Mama zilipogoma na daktari akasema atakuwa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na kila Ijumaa. Ina silinda nane, na kompyuta yake inajifanya ina huruma na mafuta. Ukienda polepole kwenye barabara tambarare, inazilaza silinda nne, nne nyingine zinavuta. Ukikanyaga mafuta, inaziamsha zilizolala. Ni jambo zuri kwa mtu mwenye gari jipya na hela za kuchezea.

Fundi wetu, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, aliisikiliza mara moja tu akatikisa kichwa.

"Hizi huwa zinaua tapeti," alituambia. Tapeti ni vipande vya chuma vinavyosukuma vali, na za silinda zinazolazwa na kuamshwa kutwa huchoka mapema. "Kuziondoa kabisa ni kufungua injini nzima, na hapo mtauza nyumba. Kuna kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinaizuia kompyuta isizilaze. Bei yake nafuu, lakini mimi huku sijakiona."

"Sasa tufanyeje?" Emu aliuliza.

"Ya bure ipo. Usiendeshe kwenye D, ile ambayo gari linajichagulia gia lenyewe. Ukishawasha, ivute gia nyuma mpaka M, igonge mara moja ishuke namba moja, kaa hapo hapo. Kompyuta ikiona unachagua gia mwenyewe, inakuachia silinda zote nane. Itakunywa mafuta zaidi, lakini injini itapona. Ila usisahau hata siku moja."

Emu hakusahau. Aliyesahau ni mimi.

Mimi ni mshonaji, na leseni ya udereva ninayo, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa naitumia kama kitambulisho tu. Mwezi wa pili tangu gari lije, Emu alishikwa na homa, nikampeleka Mama hospitali. Kwenda, niliweka M. Kurudi, Mama alikuwa anatapika kwenye mfuko, mimi nina haraka, nikatia D nikaondoka. Siku chache baadaye injini ikaanza kugonga ta-ta-ta-ta. Taratibu alisema tapeti moja imekufa. Huenda ilikuwa imeshachoka tangu huko ilikotoka, lakini nani ataniamini? Gari lilikaa gereji wiki tano, na tukawa tunambeba Mama kwa magari ya kuomba.

Lilipotoka, Mama akakata shauri: gari ataendesha Emu peke yake. Na mimi, niseme ukweli, nilishusha pumzi. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikajiona nimepewa adhabu tamu.

Adhabu chungu aliibeba yeye. Ukitaka kumchomea mtu geti, kazi haikungojei Jumanne na Ijumaa. Wateja walimkimbia mmoja mmoja. Akawa dereva wa Mama, wa magunia ya jirani, wa shangazi akitaka kwenda popote, maana kila mtu alijua lile gari lina ugonjwa na tabibu wake ni mmoja. Mkono wake ulikuwa hautoki kwenye gia. Hata mezani, akishamaliza kula, utaona vidole vinavuta kitu nyuma, kisha vinagonga mara moja. Tulikuwa tunamcheka. Yeye alikuwa hacheki.

Kiwanda kimoja cha kutengeneza matangi ya maji, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, kilimwita kazini mara mbili. Mara zote mbili alijibu kwamba ana mgonjwa. Mwaka huu wakamwita mara ya tatu, wakasema wazi kwamba hawatarudia. Aripoti Jumatatu au aache. Nilimkuta ameketi ndani ya pikapu, imezimwa, ameshika usukani.

"Nikienda, Mama nani atampeleka?" akaniuliza. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumatano jioni kaka mkubwa akapiga simu. Emu akaiweka sauti ya nje ili Mama naye asikie, akamweleza habari za kiwanda na jinsi asivyoweza kuondoka kwa sababu ya ile M.

"Bado unatumia M?" kaka mkubwa akashangaa. "Kwani kile kidude nilichotuma kimeharibika?"

"Kidude gani?"

"Cheusi, kidogo kama kiberiti, kina meno ya kuchomeka. Nilikitia kwenye bahasha ya kadi ya gari, mliponiambia tapeti imekufa. Mama ndiye aliyeipokea, nikamweleza mwenyewe kwa simu."

Emu akaitazama simu. Mimi nikamtazama Mama. Mama alikuwa analikunja pindo la kanga yake, analikunjua, analikunja tena.

"Kimo kwenye mkebe wa vifungo," akasema.

Mkebe wa vifungo ni wangu. Karibu miaka mitatu nimekuwa nikitoa humo kidude cheusi na kukiweka juu ya karatasi zangu za kukatia ili zisipeperuke. Niliwahi kumuuliza Mama ni cha nini, akaniambia ni cha redio ya zamani.

"Kaka yako aliniambia kikiwekwa, mtu yeyote anaweza kuendesha," Mama akamwambia Emu. "Nikaona basi, utaondoka. Na huyu," akanielekezea kidevu, "siku ile alipotia D alikuwa na haraka, sikumwamini. Niliogopa, mwanangu. Ile mashine ya kusafisha damu inatisha."

Nilitegemea Emu apasuke. Hakupasuka. Aliukung'uta mkebe juu ya meza yangu, vifungo vikatawanyika mpaka sakafuni, akakiokota kidude, akanikabidhi.

"Kachomeke wewe. Dereva ni wewe."

Nilipiga magoti mlangoni mwa gari, nikapapasa chini ya usukani, kikaingia kikalia ta. Tukatoka. Yeye alikaa upande wa abiria. Niliweka D, jasho linanitiririka, tukafika kwenye barabara tambarare ya kando ya maghala, pale ambapo kwenye D kompyuta ingezilaza silinda nne. Tukaisikiliza injini. Hakuna silinda iliyolala. Nilipomtazama Emu, analia, na vidole vyake bado vinavuta nyuma, vinagonga mara moja.

Jumapili aliondoka na kinyago chake cha kuchomelea ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alimfungia chakula cha njiani, na Emu alikipokea kwa mikono miwili. Walikumbatiana muda mrefu, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

Leo ni Jumanne. Bibi harusi mmoja ameshahamishia gauni lake kwa mshonaji mwingine, na Ijumaa nitampoteza mwingine. Nimeegesha mbele ya hospitali, nimezima injini. Mama ameinama kuchungulia chini ya usukani.

"Kitoe, mwanangu, wasije wakakiiba," ananiambia. "Nitakitunza mimi."

"Kitakaa hapo hapo, Mama."

Nafunga milango yote minne, naitikisa mmoja mmoja, kisha namshika mkono tunaingia ndani.