Kipimo Kilichokataliwa

Dada yangu mkubwa ni fundi wa kompyuta za hospitali, na ana kichwa kigumu, nakwambia. Kompyuta ikijitangaza yenyewe kuwa ni nzima, haiamini. Husema hata mlevi huapa kwamba hajalewa.

Imani yake yote iko kwa kidude kilichochomelewa ndani ya mashine, kidogo kuliko ukucha. Mashine ikiwashwa, kila programu hupimwa kabla haijaanza kazi, na kipimo chake, namba inayobadilika programu ikiguswa hata herufi moja, huchanganywa na vilivyotangulia humo kwenye kidude. Hakuna wa kufuta. Ni kuongeza tu mpaka mashine izimwe. Kisha kidude hutia sahihi yake, na kompyuta ya ukaguzi hulinganisha na vipimo alivyoidhinisha Dada. Vikipishana hata chembe, mashine haipewi kazi.

Wiki ambayo Dada angethibitishwa kuwa mkuu wa kitengo, kompyuta inayopanga dozi za dripu wodi ya watoto iliwashwa asubuhi, ikakataliwa. Manesi wakarudi kukokotoa kwa mkono, wakinung'unika. Mkurugenzi akaja juu: kuna mtu kaichezea. Lawama ikamwangukia fundi mwenzake Dada, bwana mmoja mpole aliyekuwa na ufunguo wa chumba kile. Akaambiwa akusanye vitu vyake aende nyumbani.

Dada akafungua orodha ya vipimo ambayo mashine huiandika kila ikiwashwa, akaikokotoa upya mstari kwa mstari. Jumla ikalingana na ya kidude. Basi orodha haikuwa imeguswa. Mstari mmoja tu ulikuwa mgeni, wa programu ya kuwashia. Jana yake jioni yeye mwenyewe ndiye aliyeweka toleo jipya, akaenda zake bila kuidhinisha kipimo chake.

Angeweza kukiidhinisha kimyakimya, na nani angejua? Akapanda ofisini kwa mkurugenzi.

"Mashine imesema kweli," alimwambia. "Aliyekosea ni mimi. Mrudishe mwenzangu."

Kitumbua kikaingia mchanga. Ukuu akapewa yule bwana mpole, na mimi nikamnunia Dada siku kumi nzima. Nilimwita mjinga mbele ya watoto wake.

Mwezi uliofuata mwanangu alilazwa wodi ile kwa homa kali, dripu mkononi. Nesi aliniona nimeikodolea macho ile kompyuta, akauliza kama nataka dozi ikokotolewe tena kwa mkono. Nikamwambia hapana, fundi wake namjua. Nikaegemea kiti, nikalala.