Vifaranga wa Tausi na Macho ya Mama Mutheu

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi siku baba alipofika nyumbani na mayai matano ya tausi, ameyafunga ndani ya sweta lake na kulikumbatia kifuani. Alikuwa kibarua katika shamba la matunda nje kidogo ya Kibwezi. Mwenye shamba alikuwa anahama, akawaambia wafanyakazi kila mtu achukue kitu kimoja atakachopenda. Wenzake walichukua matoroli na mipira ya maji. Baba yangu akachukua mayai.

Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kikamba chetu, alilifungua lile sweta akatikisa kichwa. "Watu wanaleta toroli, wewe unaleta mayai, na hata hatuwezi kula!"

Baba hakutaka kuyala wala kuyauza. Alitaka tu kuwa mtu mwenye tausi. Katika ukoo wetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuwa na kitu cha wengine kukitazama, na nadhani hilo lilimkera kuliko alivyotuonyesha.

Mjuzi wa kuku alikuwa Susu, mama yake baba. Alimchagua tetea mwekundu aliyekuwa ameanza kulalia kiota kitupu, akampangia yale mayai, akaweka na kipande cha mkaa katikati ili radi isiyaharibu. Akatukataza kuyahesabu kwa sauti. Lakini alifanya hayo yote huku amenuna.

"Hii ndege mimi siitaki kwa boma yangu," alisema. "Kitu ya kuangaliwa sana inaita macho. Nimesema. Mtakuja kuniambia."

Nieleze kidogo hapo, kwa maana kisa chote kimekaa juu ya neno hilo. Kwetu husemwa kwamba kuna watu wenye macho. Si wachawi, na wala hawana nia mbaya. Ni kwamba mtu wa namna hiyo akisifu kitu kizuri, ndama au mtoto mnono, bila kukitemea mate kidogo, kitu hicho huanza kudhoofika. Ndiyo sababu mwenye adabu zake hutema kwanza ndipo asifu. Na madhara yakishatokea dawa ni moja tu: aliyesifu aitwe, aje akitemee maji ya kinywani kwa hiari yake. Shida ni kwamba akija kutema amekubali kuwa macho ni yake, na jina hilo halimtoki tena.

Siku ishirini na moja zikapita, kiota kimya. Susu akasema mayai yote ni viza, akataka kuyatupa, maana kuku haatamii zaidi ya hapo. Baba akamsihi kama mtoto anayeomba sukari. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba yai la tausi linataka wiki nne kamili. Siku ya ishirini na nane, narudi kutoka shuleni, nikasikia sauti nyembamba chini ya yule tetea. Walianguliwa wanne. Yai la tano ndilo lililokuwa viza, na Susu akalinusa kwa kuridhika kidogo.

Baba aliniita akaniambia, "Ndinda, hawa ni wako. Wakiishi, wameishi kwa sababu yako."

Sijui kama alijua uzito wa maneno hayo. Mtoto wa tausi si kama wa kuku. Wa kuku akitoka tu kwenye ganda anadonoa hata kivuli chake, lakini huyu hutazama chakula akasubiri aonyeshwe. Nilivunja kichuguu nyuma ya choo, nikawalisha mchwa mmoja mmoja kwenye ncha ya kidole. Nililainisha kiini cha yai la kuchemsha. Siku ya nne walikuwa wanaruka mpaka mgongoni kwa tetea, wanajipanga pale na shingo zao ndefu, na mimi nachelewa shuleni kwa kuwatazama. Niliwapenda sana. Hata sasa ninapoandika, nina umri wangu na kazi yangu, naona aibu kidogo kwa jinsi nilivyowapenda.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Asubuhi niliona viroboto wameng'ang'ania kuzunguka macho ya tetea, na wachache wameshavamia vifaranga. Mwaitu alizoea kuwapaka kuku majivu. Mimi nikaona majivu ni dawa ya kuku wa kawaida, na hawa wangu hawakuwa wa kawaida. Juu ya ghala palikuwa na kopo la unga wa dawa, ule wa kuchanganya na mahindi ili yasiliwe na yule mdudu ambaye watu wetu walimwita Osama. Kama ulimuua Osama, kiroboto ni nani? Mwaitu alikuwa ametuonya mara nyingi tusiliguse kopo lile. Nilingoja aende mtoni.

Nikawapaka watatu vizuri, mpaka chini ya mbawa. Wa nne, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alijificha chini ya tetea, na nilipompata unga ulikuwa umeisha. Nikalirudisha kopo mahali pake nikanawa mikono.

Mchana Mama Mutheu akaja kurudisha ungo. Alikuwa jirani yetu wa karibu, na Mutheu binti yake nilikuwa nakaa naye dawati moja. Mama huyo aliolewa kwetu akitoka Nuu, mbali kule upande wa Mwingi, na alikuwa mwanamke mrefu wa kucheka kwa sauti, wa kusifu kila kitu: ugali wako, kitambaa chako, mbuzi wako mwenye upele. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, kwani nyumbani kwetu sifa zilitolewa kwa kijiko.

Alipowaona wale vifaranga aliweka ungo chini akapiga makofi. "Wuui! Hizi ni malaika ama ni nini? Angalia hiyo shingo! Ndinda, umezaa!"

Susu alikohoa. Kila mtu wa kwetu angeelewa kikohozi hicho. Mama Mutheu naye alikielewa, akacheka.

"Ai, Susu, mimi nimeokoka. Hayo mambo ya mate tuliacha."

Hakutema. Akamwinua mmoja, akamtazama usoni, akamrudisha, akaenda zake.

Saa kumi wa kwanza alianza kutetemeka, miguu imenyooka nyuma, mate membamba yanamtoka mdomoni. Kabla jua halijatua wote watatu walikuwa wamekufa mikononi mwangu. Baba alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi. Susu ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Niliwaambia."

Kesho yake baada ya kanisa, Mama Mutheu akaitwa. Alikuja akicheka, akidhani ni wito wa chai. Alipoona bakuli la maji limewekwa karibu na tenga ambamo yule mdogo alikuwa amebaki na tetea, kicheko kikakatika.

"Susu, mnaniita hivyo? Mimi?"

"Hakuna mtu anakutukana, mwanangu," Susu akajibu kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. "Macho si makosa. Mtu anazaliwa nayo. Sisi hatujui mama yako, hatujui nyanya yako kule Nuu. Temea tu huyu mmoja, uende kwako."

"Nikitema nimesema ni mimi. Nisipotema na huyu akufe, nitakuwa nimemuua nikiona." Akamgeukia baba. "Baba Ndinda, na wewe unaamini?"

Baba alikuwa akitazama chini. "Mimi sitaki maneno. Nataka tu huyu abaki."

Mutheu alikuwa amesimama kwenye lango, na viatu vyake vya Jumapili. Nilifungua mdomo. Naapa kwamba nilifungua. Mwaitu akadhani nataka kulia, akanivuta ubavuni mwake, akanifunika na leso yake, nami nikakaa humo ndani kwenye harufu ya moshi na sabuni, nikaogopa kutoka. Nilisikia maji yakitemwa. Mara moja, mbili, tatu.

Yule kifaranga akaishi.

Hilo ndilo lililommaliza Mama Mutheu. Kifaranga angekufa, watu wangesema ni ugonjwa wa kuku, tungesahau baada ya mavuno. Lakini aliishi, akakua, akaota kishungi, na baadaye mkia ambao watu walitoka hata Emali kuja kuuona. Susu aliwasimulia wote. Alisimulia bila chuki kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Tausi wetu akawa ushahidi unaotembea uani.

Wanawake wakaanza kufunika watoto Mama Mutheu akipita. Maziwa yaliingizwa ndani. Ndama wa mtu akiharisha, yeye huitwa na bakuli la maji, naye huenda. Mwanzoni alikuwa akilia njiani. Baadaye akaacha kulia, akaacha na kusifu. Mutheu alihamia dawati lingine, sijui kwa amri ya nani. Hazikupita mvua nne, familia ile ikafunga nyumba ikahamia Emali.

Na mimi? Nitasema ukweli ambao haunipendezi. Nilianza kuamini. Usiku na mchana nilijiambia kwamba huenda dawa haikuwa kitu, huenda yalikuwa macho kweli, kwani mtu mzima kama Susu adanganyike? Imani ile ilinifaa. Nilijificha ndani yake kama nilivyojificha kwenye leso ya Mwaitu. Nikajificha mpaka kidato cha pili, mwalimu wa kilimo alipotueleza kwamba dawa ile ya mahindi huua ndege kwa saa chache, akataja na dalili zake: kutetemeka, kunyooka miguu, mate. Niliomba ruhusa nikatoka darasani.

Kuna jambo jingine. Wiki ile ile ya msiba wa vifaranga, Mwaitu alilishusha lile kopo kutoka juu ya ghala. Nilimwona akilitikisa, akilifungua, akichungulia. Kisha alilifukia shimoni nyuma ya jikoni. Hakuniuliza kitu, siku ile wala siku nyingine yoyote. Bado yuko hai, na tunaongea kila wiki, na sijamuuliza pia.

Mwaka jana nilikwenda Emali. Susu alikuwa ameshatutoka, tausi naye aliliwa na mbwa zamani, na nilijiambia kwamba sasa hakuna wa kuumia. Nilimkuta Mama Mutheu sokoni anauza ndengu. Amezeeka, mgongo umepinda. Nilisimama mbele yake muda mrefu kabla sijagundua ajabu yake: alikuwa akiwahudumia wateja bila kuwatazama. Alitazama gorogoro yake, lile kopo la kupimia, alitazama mikono yao, mfuko wao. Uso hakuupandisha kwa mtu yeyote.

"Mama," nikamwamkia. "Ni Ndinda. Wa Kibwezi."

"Najua sauti," akasema, kama anayeziambia ndengu zake. "Kaa."

Nikakaa juu ya gunia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakanitoka machache. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia kuhusu viroboto, kopo, na mbawa. Nilimwambia kwamba wa nne aliishi kwa sababu dawa iliisha.

Akachota ndengu, akajaza gorogoro, akaisawazisha na kiganja, akaimwaga tena guniani. Hapakuwa na mteja.

"Lakini nilitema," akasema. "Na yule akaishi. Niliona."

"Hakuwa na dawa, mama. Angeishi tu."

"Na ndama ya Mutiso, ile iliharisha? Na mtoto wa dada yake? Hao pia ulipaka?"

Ndama wengine hupona, wengine hufa, lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyeitwa kila mara na bakuli la maji.

Kisha akasema, taratibu, kama anayehesabu kitu kichwani: "Mutheu ana watoto wanne. Huwa analeta hapa. Mimi naangalia miguu. Viatu zao zote najua, hata nani amenunuliwa mpya. Sura zao ndio sijui vizuri." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Ndinda, unasema ningewaangalia?"

"Ungewaangalia, mama."

"Miaka yote hiyo?"

Nililia pale sokoni mbele ya watu. Yeye hakulia, na hakunifariji, na alikuwa na haki. Hakusema amenisamehe. Alinifungia ndengu, akakataa pesa yangu, akasema, "Sasa enda. Mutheu anakuja na watoto Jumamosi. Wacha nifikirie."

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo, na sitadai kwamba niliutua. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwacheka wazee wetu na mate yao, nikijiona msomi. Sasa naona kwamba Susu alimtendea yule mama kwa jambo aliloliamini, lakini mimi nilimtendea kwa jambo nililojua si kweli, na kati yetu wawili siwezi kumwita yeye mjinga.

Jumamosi ile nilishinda nyumbani nikiwawazia watoto wanne wamesimama mbele ya nyanya yao. Labda aliinua uso. Labda alifikiria akaona kwamba neno langu peke yake halitoshi kumweka mjukuu rehani. Namba yake ya simu ninayo, alinipa jirani yake wa sokoni. Naitoa, naitazama, naiweka. Mpaka leo sijapiga, kwa sababu naogopa aniambie kwamba mmoja wao ameugua.