Mwenzangu wa Nchi ya Baridi

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mama husema nikipewa sufuria mpya naanza kwa kuiinua juani nione kama imetoboka. Basi mwenzangu aliponiuliza, katika wiki yetu ya kwanza ya kazi, kama watu wa nyumbani hawajambo, sikufurahi. Niliacha kuandika nikaitazama skrini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kujibu malalamiko ya wateja wa kampuni moja ya ng'ambo inayouza nafasi za hoteli. Mteja anafika na masanduku yake anakuta chumba kimepewa mtu mwingine, anatuandikia matusi, nasi tunamjibu kwa upole. Tulikuwa watu wachache waliotawanyika duniani, kila mmoja na kompyuta yake, na tulipangwa wawili wawili: mmoja akimaliza zamu anamkabidhi mwenzake. Mimi nilifanyia kazi mezani, jikoni kwangu Lurambi, hapa Kakamega. Mwenzangu, kwa maelezo yaliyokuwa kando ya jina lake, alikuwa katika mji mmoja wa Ulaya, kule kaskazini kwenye baridi kali. Picha yake ilikuwa ya mlima wenye theluji. Kamera hakuwasha hata siku moja. Alisema mtandao wake ni dhaifu, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Shida ya mtandao nilidhani ni yetu sisi.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni salamu. Wenzetu wengine walikuwa wakiingia moja kwa moja kwenye kazi: mteja fulani ameandika tena, mjibu. Huyu hapana. Kwanza aliuliza nimeamkaje. Kisha watu wa nyumbani. Kisha mvua, kama imenyesha na kama ilikuwa ya kutosha. Aliposikia kwamba mama anaumwa, akawa hagusi kazi kabla hajajua mama ameshindaje. Tulizungumza Kiingereza, na chake kilikuwa cha puani, kimenyooshwa vizuri. Ila mpangilio ule wa maswali niliujua. Ndio niliolelewa nao.

Siku moja visikizi viliharibika nikatumia spika. Mama, ambaye Kiingereza anakielewa kiasi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mzungu mmoja tunafanya kazi naye."

"Mzungu gani anasalimianga hivyo? Huyo ana mama yake mahali amemfunza."

Kuanzia siku hiyo nikaanza kumchunguza. Alasiri moja, mvua ilipokuwa inakuja jinsi inavyokuja Kakamega karibu kila alasiri, radi ilipiga nyuma ya nyumba, nami nikaisikia mara mbili: dirishani na ndani ya visikizi vyangu vipya. Upesi akazima maikrofoni. Aliporudi alisema jirani yake anavunja ukuta. Siku nyingine stima ilipotea katikati ya mkutano, umeme wa mtaa mzima ukazimika. Nilipoingia tena kwa bando za simu, msimamizi wetu, mwanamke mtulivu asiyepandisha sauti, akasema kwa mshangao kwamba tulitoweka sote wawili kwa pamoja. Mwenzangu alikuja baadaye kidogo, akaeleza kwamba kompyuta yake ilijizima ili ijisasishe. Wote wakamwamini. Nilibaki natafuna kalamu.

Huenda ningeyaacha, maana kila mtu na mambo yake. Kisha msimamizi akatangaza kwamba kampuni inapunguza watu, na katika kila jozi atabaki mmoja. Jozi yetu ilikuwa mimi na huyo wa theluji. Mama nilikuwa nimemtoa kijijini Iguhu ili nimwangalie mwenyewe, nimpeleke kliniki, nihakikishe anameza dawa badala ya kuzificha chini ya mto. Nikikosa kazi hii ya mezani, ningelazimika kurudi Nairobi kutafuta nyingine, na mama hakuwa na mtu mwingine. Niliogopa, na woga ukanifanya mkali. Nikaamua kumtega.

Ijumaa tulikuwa na mkutano wa kuchangamshana, ambapo mmoja wetu hufundisha jambo la kwao. Zamu yangu ilipofika nikasema nitawafundisha salamu ya lugha ya kwetu. Sikuwaambia jibu lake. Nilisema nitamsalimia kila mtu, naye akisie. Kwetu salamu haiachwi hewani. Uwe umenuna, uwe na chakula mdomoni, uwe unamdai mtu ng'ombe, ukisalimiwa unajibu kwanza. Hilo hatulifikirii, linatoka lenyewe.

Wa kwanza alicheka. Wa pili akajaribu kulirudia neno likamshinda. Kisha nikamgeukia yeye, na sikumsalimia kama mwalimu. Nilimwita kama mtu anayeita langoni.

"Mulembe!"

"Mulembe muno," akajibu.

Sauti ilikuwa nzito, imeshuka, pua haimo kabisa. Nikasema amepata. Msimamizi akapiga makofi akamuuliza amejuaje. Akasema amebahatisha, na ile pua ikarudi mahali pake.

Mkutano haujaisha vizuri nikapata ujumbe wake wa faragha, kwa Kiswahili. "Dada, tafadhali usiniharibie." Nikampa namba yangu ya simu, akanipigia. Alikuwa Amalemba, ng'ambo ya mji tu, mahali ninapoweza kwenda kwa miguu. Akaunti ilikuwa ya binamu yake anayeishi huko kwenye baridi. Alisema aliomba kazi mara nyingi kwa jina lake na anwani ya Kakamega, na hakuna aliyemjibu hata kumkataa. Alipoomba kwa akaunti ya binamu, wakamchukua.

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?" akaniuliza.

"Mimi niliandika Kakamega wakanichukua."

"Basi wewe una bahati, dada."

Nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Nikamwambia kama ni muungwana ajitoe mwenyewe, yeye hana mgonjwa. Akasema atafikiria. Halafu akauliza mama ameshindaje, nami nikajiuliza kama miezi yote hiyo alikuwa akiuliza kwa upendo au alikuwa ananilainisha kabla ya siku hii.

Hakujitoa. Wiki iliyofuata msimamizi aliniita peke yangu. Alianza kwa kunisifu, na hapo nikajua. Alisema uamuzi ulikuwa mgumu, sisi wawili tulikuwa sawa kwa kila kitu, lakini wameona mimi napotea hewani mara kwa mara kwa sababu ya umeme wa kwetu. Mwenzangu yuko mahali ambapo umeme haupotei; akitoweka ni kompyuta yake tu. Wangembakisha yeye.

Nilicheka, nadhani. Msimamizi akauliza kama kuna jambo lolote kuhusu mwenzangu ambalo ningependa alijue.

Nikafungua mdomo. Na hapo, kama imetumwa, stima ikapotea.

Jikoni kukawa na giza la mvua. Simu ikatetemeka mkononi. Alikuwa yeye: "Na kwako imepotea?"

Nilikuwa na bando. Niliwasha, nikarudi kwenye mkutano, na msimamizi akasema kwa upole, unaona sasa. Kisha akarudia swali lake. Neno lilikuwa mdomoni, zito na tayari. Ningelisema, yeye angetoka na mimi ningebaki. Lakini baada yake wangemtazama nani? Wangeitazama kila anwani ya huku, yangu ikiwa ya kwanza, na kila radi ingekuwa ushahidi. Labda ilikuwa huruma pia. Labda nilichoka tu kuchunguza watu. Nikasema hapana, sina la kusema.

Mama akauliza kutoka mlangoni kama kazi imeisha. Nikamwambia imeisha. Akaniuliza tena kama yule mzungu wa salamu nzuri hajambo, nikamwambia hajambo.

Stima iliporudi nilikuta ujumbe mwingine. Msimamizi alikuwa ameshampa habari. "Asante sana, dada yangu. Mungu akubariki. Watu wa nyumbani hawajambo? Mama ameshindaje?"

Niliusoma nimesimama. Mama alikuwa akikohoa chumbani, na begi langu la Nairobi lilikuwa bado juu ya kabati.

Sikumjibu.